Kopo la Visheti la Mama Aqil

9 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha saa moja tu na barabara ya mbele ya ploti tayari ni uji. Viza zetu zilitoka Ijumaa, yangu na ya Akech. Nilikaa kimya siku mbili kwa kuogopa vijicho, kisha leo Mama akasimama kanisani wakati wa shukrani akatangaza mbele ya watu mia tatu. Sasa mtaa mzima wa Umoja unajua Waithera anaenda Ulaya. Wasichojua ni kwamba naenda na begi moja la mgongoni, nitalala chumba kimoja na watu wanane nisiowajua, na nitakula mkate na ndizi kwa siku ishirini.

Akech nilisoma naye sekondari, na kazi yetu ni moja: tunasikiliza sauti za wazungu kwenye kompyuta na kuandika walichosema. Tumeweka akiba miaka miwili. Sheria yetu ni moja tu, na niliitunga mimi: hakuna kulipia mzigo. Ndege za bei rahisi za huko zinakubali begi dogo bure, likizidi kidogo unachunwa ngozi.

12 Machi

Vifurushi vimeanza. Mzee Naftaly wa kanisani kaleta kilo mbili za unga wa uji, nimpelekee bintiye Manchester. Nikamwambia Manchester siendi. Akanitazama kama mtu ninayemnyima. "Si ni huko huko tu?" Nimekataa unga wa uji, majani ya chai, nguo ya harusi na omena. Kufika jioni nilikuwa na sifa ya kuringa.

15 Machi

Mama Aqil kaniita nimtungie uzi kwenye sindano. Mlango wake unatazamana na wetu tangu nizaliwe. Ni mtu wa Lamu, na mahamri yake ndiyo yaliyonilea, maana Mama alikuwa akitoka kwenda soko la Gikomba kabla sijaamka. Macho yake yana ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, afanyiwe upasuaji, naye akasema atakwenda akiwa tayari. Nilidhani anashona leso iliyochanika. Alikuwa ameifunika kazi yake kwa kanga, nami sikuuliza.

17 Machi

Mvua. Nimetunga uzi mara mbili.

18 Machi

Mvua. Uzi mara tatu. Nikamtania kwamba nitamtumia bili.

22 Machi

Leo ameniuliza kama nitapita mji unaoitwa Bologna. Nikamwambia ndiyo, tutaruka kutoka Krakow, tiketi ni rahisi kuliko chakula cha mchana hapa mjini. Akaegemea ukuta, nikadhani amesinzia. Saumu nayo inachosha.

Kisha akaniambia habari ambayo ploti nzima tunaijua nusu nusu. Mwanawe Aqil yuko Bologna mwaka wa saba sasa. Babake, Mzee Faki, alipofariki, miaka minne iliyopita, Aqil hakuja mazikoni. Makaratasi yake hayakuwa sawa, angetoka asingeweza kurudi. Mama Aqil alimwambia kwenye simu, "Kama huwezi kumzika babako, usinipigie tena." Naye hakupiga tena.

"Si umpigie wewe?" nikamuuliza.

"Mimi ni mamake. Mama hatangulii."

Wote wawili ni watu wa kutii, hilo ndilo tatizo lao. Na ploti nzima tunamwita kwa jina la mtu asiyempigia simu.

31 Machi

Idi. Mama Aqil katugawia pilau mlango kwa mlango. Saa kumi akaniita ndani, akanionyesha kopo la chuma, lile kubwa la maziwa ya unga. Akafungua kifuniko mbele yangu. Visheti, vimejaa hadi juu, na sukari imeganda juu yake nyeupe.

"Nakufungulia uone mwenyewe," akasema. "Wasichana wanafungwa huko kwa kubebeshwa vitu. Hivi ni visheti tu, vya Aqil."

Mzee Naftaly nilimkatalia, lakini huyu kanilea. Akazungusha selotepu kopo zima mara nne, mara tano, akalifinya kwa viganja vyote viwili, akanikabidhi.

"Ni amana, Waithera."

"Na amana haifunguliwi," nikajibu, maana hayo alitufundisha yeye tukiwa watoto tukitumwa dukani. Akacheka. Nilimpenda sana saa ile.

2 Aprili

Kopo limekula nusu ya begi. Nimetoa sweta moja na viatu vya pili. Namba ya Aqil nimeichukua kwenye simu ya mamake, nikamwandikia tu kwamba nitapita Bologna. Mama kaniombea dakika arobaini. Tunaondoka.

5 Aprili, Praha

Baridi ya kukata masikio. Daraja zuri, watu wengi, kikombe cha chai bei ya kuku mzima. Hosteli ina vitanda vya ghorofa na Mjerumani anayekoroma. Tumetembea kilomita kumi na tisa ili tusipande tramu. Nina furaha ya kijinga.

9 Aprili, Budapest

Tumepiga hesabu vibaya, leo tumekula mkate wa jana na maji ya bomba. Saa moja jioni tumbo lilikuwa linanguruma mpaka Akech akacheka. Akaligonga kopo.

"Manze, hapo ndani kuna visheti kilo mbili. Tudonoe tatu tatu, huyo buda wa Bologna hatahesabu."

"Ni amana."

"Hata Mungu anajua tuna njaa."

"Ni amana, Akech. Haifunguliwi."

Nikalala na njaa, nikiwa najiona mtu wa maana sana. Naandika haya nikiwa bado nina njaa na bado najiona hivyo.

14 Aprili, Bologna

Tumefika. Mvua, kama nyumbani. Kopo nimeliacha uwanja wa ndege tulikotoka. Sitaki kuandika.

15 Aprili, Bologna

Aqil ameniandikia: "Umefika? Nikupate wapi?" Nimejibu kwamba ratiba imebadilika, sitapita Bologna. Nimeyaandika hayo nikiwa nimeketi Bologna, chini ya zile baraza zao ndefu. Akech amesoma juu ya bega langu. Kisha akanitangulia kwenda hosteli.

22 Aprili

Nimerudi. Umoja imejaa maji, fito za vibanda zinaelea kwenye mtaro. Mama kachinja kuku. Mama Aqil kanikumbatia mlangoni, akanipapasa uso mzima kwa vidole kama anayetafuta kilichopungua. Akaniambia nipumzike, tutazungumza kesho kutwa. Nimejificha kwenye neti nikisema nina homa.

24 Aprili

Lazima niandike, la sivyo nitapasuka.

Alikuja saa nne asubuhi na sahani ya mahamri. Mama alikuwa sokoni. Akaketi kwenye kochi, akaweka mikono magotini.

"Ulimwona?"

Nilikuwa nimejitayarisha kusema ukweli. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi ndani ya ndege, sentensi tatu. Nikasema, "Nilimwona."

"Amekonda?"

"Kidogo."

"Na visheti?"

"Alifurahi sana. Alikula pale pale."

Uongo wa kwanza ni mgumu, unaofuata unakuja na viatu vyake. Nikamwambia ana ndevu. Nikamwambia anaishi karibu na reli. Yeye anatikisa kichwa, anakunywa kila neno. Visheti ni visheti, nilijiambia, unga na sukari. Hasara gani? Nitamwandikia Aqil siku moja, yatakwisha.

Ndipo akainama mbele kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, "Na kofia? Ilimkaa?"

Nikamuuliza kofia gani, nadhani. Yeye akadhani namtania.

"Ile ya chini ya visheti, niliyoifunga kwa nailoni. Hukumwona akiitoa? Nilimshonea kwa mkono, tundu kwa tundu. Niliianza kwa ajili ya babake, akafa sijafika nusu. Miaka minne nimeimalizia mwanawe, kichwa chao ni kimoja. Wewe ndiwe uliyenitungia uzi wa mwisho, hukujua? Aqil akiiona ataelewa. Kwetu mama hampi kofia mtoto aliyemkasirikia. Ile ni radhi yangu."

"Ilimkaa," nikasema. "Ilimkaa vizuri."

Alilia. Alilia akicheka, akajifuta kwa upande wa kanga, akasema sasa atapiga simu, huyo, namjua, atapiga.

Sasa niandike lile nililolikataa kule. Uwanja ulikuwa mdogo, nje ya mji. Mlangoni pa kuingilia ndege kuna kisanduku cha chuma cha kupimia begi. Begi la Akech liliingia. Langu lilikwama. Nguo zinakunjika, kopo halikunjiki. Mhudumu akasema yuro hamsini na tano au kopo litoke. Akech akasema, "Tuchange, Waithera. Nusu kwa nusu." Nikasema hapana, sheria ni sheria. Akasema basi tufungue kopo, tumimine visheti kwenye mifuko ya jaketi. Nikasema, na nayakumbuka maneno yangu yote, "Siwezi kufungua amana ya mtu." Foleni nyuma yetu ilikuwa inaguna. Nikalitoa kopo, nikaliweka juu ya pipa la taka. Sikulitupa ndani, nililiweka juu kwa adabu kama mtu anayeweka maua, nikapita.

Ningefungua, ningeiona kofia. Kofia haina uzito. Ningeivaa kichwani nikapanda nayo ndege.

30 Aprili

Mvua. Hajapiga. Mama Aqil anasema kule siku zinakwenda mbio, vijana wana kazi.

3 Mei

Mvua. Simu yake sasa inalala kwenye kikapu cha mahamri, imefungwa nailoni isilowe. Mteja akimpigia kuagiza, anaitikia "Aqil?" kabla hajasikia sauti.

6 Mei

Mvua. Hajapiga.

11 Mei

Shuka zimekaa kambani siku tatu bila kukauka. Mama Aqil ameniuliza tena niliyoyaona. Nimemsimulia, na nikasikia nimeongeza rangi ya jaketi. Akanikatiza. "Alipoivaa, alisema nini?"

"Alinyamaza."

Zamani nilidhani ni mwanamke mwenye kiburi. Siku hizi namwona akigeuza lile neno langu la uongo huku na huku, akitafuta mlango wa kumwachilia mwanawe kosa.

16 Mei

Niliandikia ofisi ya vitu vilivyosahauliwa, kule uwanjani. Wamejibu leo, kwa upole, kwamba vyakula havihifadhiwi, huharibiwa siku hiyo hiyo.

21 Mei

Nimemwandikia Aqil: "Mpigie mamako. Tafadhali." Amejibu baada ya saa mbili: "Alinikataza. Akinitaka atanipigia mwenyewe." Sikumwambia habari ya kofia. Ningemwambia ningelazimika kumwambia yote, na yeye angemwambia mama. Nimefuta ujumbe mara sita. Akech amenipigia kuniuliza kama nimesema. Nikamwambia bado.

"Waithera, hiyo story inaoza. Mwambie ama nitakuja Umoja nimwambie mimi."

"Nipe wiki."

"Wiki ya nini sasa? We mwambie tu!"

28 Mei

Mvua imepungua, imebaki manyunyu. Mama Aqil aliniita nikadhani ni uzi, nikafurahi. Hakuwa na kazi mikononi.

"Nimempa radhi yangu akaivaa, akanyamaza," akasema. "Basi mtoto kanizika mimi pia. Wiki ijayo ni Idi kubwa. Mtoto wa Kiislamu anaamka Idi, anavaa kofia, anampigia mamake. Idi ikipita bila simu, msiniite tena Mama Aqil. Niiteni Kadija."

Nilitaka kusema. Badala yake nikaosha sufuria zake tatu ambazo zilikuwa safi.

6 Juni

Idi. Hakuna mvua. Alivaa dera jipya la kijani, akakaa kizingitini tangu asubuhi, simu mapajani. Watoto wa ploti walipita kuchukua kashata. Simu ililia mara nne: mtu wa mbaazi, dada yake wa Lamu, kampuni ya kukopesha watu, na mtu aliyekosea namba. Saa kumi na moja aliingia ndani na kufunga mlango.

Nilikuwa nikimtazama kupitia pazia letu siku nzima. Kutoka pazia hadi kile kizingiti ni hatua tisa. Nilizihesabu kwa macho, sikuzitembea.

7 Juni

Mtoto wa jirani kaja kununua mahamri, akaita, "Mama Aqil! Za ishirini!"

"Mimi naitwa Kadija," akamjibu, bila ukali. Mtoto akatazama pembeni akitafuta mtu mkubwa wa kumwelezea. Aliyekuwapo ni mimi.

8 Juni

Sikwenda kanisani. Nilitembea zile hatua tisa.

Alikuwa anachambua mbaazi kwenye sinia, anatafuta mawe kwa ncha za vidole. Nikaketi chini kwenye mkeka.

"Mama Aqil."

"Kadija."

"Sikuonana na Aqil. Hata siku moja. Ndevu ni za uongo, na jaketi, na reli. Kopo nililiacha kwenye uwanja wa ndege, juu ya pipa, kwa sababu begi halikuingia. Sikujua kuna kofia. Aqil hajui kama iko. Hajanyamaza, hajui tu."

Nilisema hayo kwa mkupuo mmoja. Vidole vyake viliendelea kuchambua, vikatoa jiwe, vikaliweka pembeni. Nilingoja anipige kofi. Ningelishukuru.

"Tangu Mei," akasema, "simtaji katika dua zangu. Naomba kwa ajili ya wote, nikifika kwake napita. Umenifanya nimpite mwanangu, Waithera."

Nililia. Nikamwomba msamaha, nikamwomba tena. Hakuniambia amenisamehe. Akatoa jiwe jingine, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei.

"Kopo hukulifungua?"

"La. Ilikuwa amana."

"Hata njiani? Hukula hata kimoja?"

"Hata kimoja. Kuna siku tulilala njaa, Budapest, lakini sikugusa."

Akaacha kuchambua. Akageuza uso wake upande wangu, yale macho yenye ukungu yakanitafuta, yakanipita kidogo.

"Ungekula, mwanangu," akasema. "Mngechota viganja viwili mngeiona kofia. Ungekula tu."

Kisha akanipa simu yake nimtafutie namba ya Aqil na kuibonyeza. "Mama hatangulii" hakusema. Ililia mara tatu.

"Aqil? Mimi mamako." Akasikiliza. Nilisikia sauti ya kiume ikivunjika huko mbali. "Idi mubarak. Imepita, najua. Nisikize. Nilikutumia visheti kwa yule mtoto wa jirani, Waithera. Njaa ya Ulaya imemshinda, kavila vyote." Akacheka, cheko dogo kavu. "Usimlaumu. Nitakutengenezea vingine."

Kofia hakuitaja. Nilitoka nje nisisikie zaidi, na aibu niliyotoka nayo ilikuwa kubwa kuliko ile niliyoingia nayo.

10 Juni

Aqil kapiga. Wameongea saa nzima. Mtoto wa jirani kaita "Mama Aqil", naye kaitika.

14 Juni

Leo saa nne kaniita. "Waithera, njoo unitungie uzi."

Nilikimbia. Alikuwa kizingitini na kitambaa cheupe kipya, kimekatwa duara tayari. Nikatunga. Akashona tundu moja, akalipapasa kwa kidole, akalikuta limepinda, akalifumua. Nikatunga tena. La pili likapinda. La tatu sindano ikamchoma, tone la damu likaingia kwenye kitambaa. Akakikunja taratibu akakiweka chini ya paja.

"Hakuna mwanga leo," akasema. "Tungoje hili wingu liondoke."

Nikasema sawa, tungoje. Nikakaa naye pale kizingitini. Jua lilikuwa linatuchoma wote wawili, na juu hapakuwa na wingu hata moja.